Gawio la Mrefu

12 Januari

Kwa Bwana Katibu wa Kampuni,

Salamu. Bahasha zenu za ripoti ya mwaka nimezipata, zote mbili kama kila mwaka, moja yangu na moja ya mwanangu. Yangu nimeifungua nikaisoma yote, pamoja na picha za mawe na ile ramani yenye vidoti vyekundu. Ya kwake nimeiweka kitandani kwake, juu ya zile nyingine.

Ukurasa wa kumi na moja, chini kabisa, kwa herufi ndogo za kumtafutisha mtu miwani, mmeandika tena: kampuni haijawahi kutoa gawio, na kwa sasa haina mpango wa kutoa gawio, fedha zote zinaelekezwa kwenye kutafuta dhahabu. Ni maneno yale yale ya mwaka jana. Hata mkato haujahama.

Swali langu nalo ni lile lile. Lini? Usiniambie "kwa sasa". Hiyo sasa yenu ina miaka tisa, ingekuwa mtoto ingekuwa shule.

Kama umenisahau, mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa kambi, ile kambi ya kwanza ya mahema, kabla hamjajenga vyumba vya mabati. Miaka sita niliwachemshia chai wachorongaji, wale wa mashine ya kutoboa mwamba, kabla jua halijatoka. Hela ilipowaishia mkanilipa kwa hisa. Kwa hiyo msinijibu kama mtu aliyeokota karatasi njiani.

Mimi mwanahisa namba 417,
Mpishi wa Kambi


29 Januari

Mheshimiwa Mwanahisa,

YAH: SERA YA GAWIO

Rejea barua yako ya tarehe 12 Januari. Napenda kukujulisha kuwa kampuni yetu inatafuta dhahabu. Haijaanza kuchimba wala kuuza. Kwa sababu hiyo haina faida ya kugawa kwa wanahisa. Fedha tunazopata kwa kuuza hisa mpya zinatumika kuchoronga mashimo ya utafiti, na gharama ya shimo moja ni kubwa. Utafutaji ukizaa matunda, Bodi ya Wakurugenzi itaiangalia upya sera hii kwa wakati utakaofaa.

Endapo una mahitaji ya haraka ya fedha, una haki ya kuuza hisa zako wakati wowote. Naambatanisha fomu.

Wako katika ujenzi wa kampuni,
Katibu


10 Februari

Bwana Katibu,

Fomu ya kuuza nimeipata. Nimewashia jiko, imewaka vizuri.

Mimi sina shida ya hela. Nina kibanda changu cha chai karibu na gereji, mafundi wanakunywa na wananilipa, wengine kwa kusukumwa. Nikikuuliza habari za gawio sikuulizi habari za hela. Nimelificha jambo hili miaka yote kwa sababu niliona haya kuwaanikia watu wa ofisini mambo ya ndani kwangu, lakini naona nisiposema utaendelea kuniletea fomu.

Mwanangu ndiye huyo namba 418. Kambini mlimwita Mrefu, hata kwenye karatasi za mshahara mliandika Mrefu. Alikuwa msaidizi kwenye mashine ya kuchoronga. Mwamba ukitoka kwenye bomba, yeye ndiye aliyeupokea na kuupanga kwenye masanduku ya mbao, kipande baada ya kipande, kwa mpangilio wake ulivyokuwa chini. Siku meneja alipotupanga foleni akasema hela hakuna, anayetaka achukue hisa na asiyetaka njia ile pale, mimi nilikuwa nimeshafunga sufuria zangu. Mrefu akanishika mkono. Akasema, Mama, hawa wenzetu wanazisikia habari za dhahabu, mimi naishika. Nikasaini nikawa 417, yeye akasaini nyuma yangu. Haikumtosha. Akaniomba tuuze na kiwanja alichotuachia baba yake, tuongeze hisa. Nikauza.

Shimo lililofuata likatoka kavu. Na jingine baada yake. Hisa zikashuka mpaka bei ya kiberiti. Mimi sikumsemesha neno hata moja, Mungu ni shahidi yangu, lakini mtoto hakuweza tena kula mbele yangu. Alikuwa akichukua sahani anakwenda kusimama nayo uani. Asubuhi moja akafunga begi. Nikamuuliza, unarudi lini? Akasema, siku kampuni itakapotoa gawio utaniona mlangoni.

Mimi nilidhani anasema miezi. Ningejua sera yenu wakati ule, ningemfungia ndani.

Sasa umeelewa. Hiyo sera ndiyo inayomshikilia mwanangu huko aliko. Naomba uangalie kwenye daftari lenu kama ameleta anwani nyingine. Na kama kuna namna ya kuliharakisha hilo gawio, litoeni, hata la senti moja. Senti yenyewe mimi siitaki.

Mwanahisa 417


1 Machi

Mama, shikamoo.

Kwanza nikuweke sawa: mimi si bwana. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na barua zote ulizojibiwa kwa miaka minne hii nimeziandika mimi. Ni kweli nilikuwa nabadilisha tarehe tu. Naomba unisamehe.

Nimefungua daftari la wanahisa. Namba 417 na 418 zimeandikwa siku moja, kwa kalamu moja iliyokuwa ikikwama. Anwani ya 418 ni hiyo hiyo yako. Nyingine haipo. Ndani ya faili la kila mwanahisa kuna karatasi zake binafsi, na hizo, kanuni hainiruhusu kumwonyesha mtu mwingine, hata mama yake mzazi. Nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia.

Kuhusu sera, nikueleze kama ninavyoiona kutoka kwenye meza yangu. Mtaalamu wetu wa miamba akipewa hela ya shimo moja anataka mawili. Akipewa ya mawili anasema dhahabu iko kwenye la tatu. Ukitaja gawio kikaoni, anakuangalia utafikiri umemwomba figo. Wengine nao wanamsikiliza, kwa sababu kampuni bila shimo jipya ni ofisi yenye viti tu. Nitajitahidi kulisemea, lakini mimi kwenye kikao naandika, sipigi kura.

Siku nilipopata barua yako, mama yangu alikuwa amenipigia simu mara tatu sijapokea. Nilitoka nje nikampigia. Alitaka kujua tu kama nimekula.

Katibu


15 Machi

Mwanangu Katibu,

Marahaba. Miaka minne nakuita Bwana na wewe umenyamaza tu, una moyo.

Hilo la karatasi za siri nimelielewa, kila mtu ana sanduku lake. La anwani limeniumiza, sikufichi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba huenda kaandika mahali pengine na posta tu ndiyo inayoniletea bahasha zake kwa mazoea.

Huyo mtaalamu wenu wa miamba namjua. Alikuwa akila mkate anaacha kingo. Mwambie Mpishi anauliza, mtachoronga mpaka mtokee upande wa pili?

Hapa kibandani wanapita watu wengi. Akipita mtu mrefu namwangalia visigino, maana mwanangu alikuwa anakanyaga kwa nje, viatu vinaisha upande mmoja. Mafundi wananitania, wanasema Mama anatafuta mchumba. Nacheka nao. Wakishaondoka nakaa kidogo, halafu naendelea kuosha vikombe.

Mpishi


20 Julai

Mama, shikamoo.

Kaa chini kwanza ndipo usome. Kampuni imeuza eneo moja la utafutaji, lile la kilima cha pili, kwa kampuni kubwa. Bodi imekaa siku mbili. Mtaalamu wa miamba alitaka hela yote iingie kwenye mashimo, mwenyekiti akasema watu wamengoja vya kutosha, na mwishowe wakaelewana: sehemu kubwa iende kwenye mashimo, na sehemu ndogo igawiwe wanahisa. Hili ni gawio la kwanza tangu kampuni izaliwe. Malipo yatakuwa tarehe 30 Septemba, na tangazo litatoka kwenye magazeti na redio.

Kwa kuwa hatukuwahi kulipa, hatukuwa hata na utaratibu wa kulipa. Nimepewa kazi ya kuuandika mimi, ukurasa mmoja, nani analipwa, kwa njia gani na lini. Mpaka sasa nimefika kifungu cha sita.

Mama, nakuomba usitarajie makubwa. Nimelifikiria sana neno la kutumia hapa na sijapata bora kuliko hilo.

Katibu


5 Agosti

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena. Usinihofie kuhusu kiasi. Nimekuambia hela si shida yangu, hata mkitoa ya kununua njugu mimi sitalalamika.

Tangazo lenyewe nimelisikia redioni jana mchana. Fundi mmoja alikuwa anagonga bodi la gari, nikamwambia acha kugonga. Akaacha. Nikalisikia mpaka mwisho.

Nimetoa magunia ya mkaa chumbani kwake. Nimeanika godoro siku tatu, lina unyevu wa miaka. Mlango wa mbele ulikuwa unakwama, mtu akiusukuma kidogo anaweza kudhani umefungwa akaondoka, kwa hiyo nimemleta seremala akaupunguza chini, na nimeupaka rangi. Zile ripoti zenu tisa nimezihamishia mezani, atazisoma akitaka. Kumi, pamoja na ya mwaka huu.

Jirani ananiuliza nangoja mgeni gani. Nimemwambia sina mgeni, nangoja mwenye nyumba. Nalala mchana kidogo, kitu ambacho sijawahi kukifanya, ili nisionekane nimechoka akija. Mtu mzima mimi, nimekuwa kama msichana.

Mpishi


8 Oktoba

Mwanangu Katibu,

Kuna kosa limetokea ofisini kwenu, lirekebisheni haraka. Mmeniletea hundi mbili. Zote zina jina langu. Moja imeandikwa namba 417, sawa, ni yangu. Ya pili imeandikwa namba 418, lakini jina ni langu pia. Nadhani mwandishi wa hundi aliona anwani ni moja akafikiri mtu ni mmoja.

Unaona ubaya wake? Ya kwake ikiwa kwangu, yeye ataijia wapi? Huenda alishafika ofisini kwenu akaambiwa hela yake imeshatoka, akageuza. Leo ni siku ya nane na hajafika, na mimi naamini ni kwa sababu ya hilo. Tafadhali waulize watu wa mapokezi kama alikuja mtu mrefu, mpole, asiyependa kuuliza mara mbili.

Sitoki nyumbani. Kibanda nimemwachia mke wa fundi.

417


16 Oktoba

Mama,

Hakuna kosa. Ningependa mno kukuandikia kwamba lipo.

Kwenye faili la 418 kuna barua. Iliingia kwa posta mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, haina anwani ya aliyeituma. Ni mistari miwili, imeandikwa kwa mkono: "Gawio langu, likitoka siku yoyote, alipwe mama yangu, mwanahisa namba 417. Mimi nisitafutwe." Chini kuna sahihi, inafanana na ile ya daftarini.

Mwanahisa ana haki ya kuelekeza gawio lake lilipwe kwa mtu mwingine. Ndiyo maana jina ni lako. Hakuja ofisini, Mama. Niliuliza mapokezi kabla hujaniambia niulize.

Barua hii niliiona mwezi wa tatu, siku ile ile niliyokuandikia habari za karatasi za siri. Kanuni ilinikataza kukuonyesha, na hilo ni kweli, lakini sikunyamaza kwa ajili ya kanuni. Niliogopa. Kisha ukaniandikia kwamba umeanika godoro, nikazidi kuogopa. Nilijidanganya kwamba labda atasikia tangazo na kubadili mawazo. Sasa umeshalipwa, na anayelipwa ana haki ya kujua amelipwa kwa maelekezo ya nani, kwa hiyo naruhusiwa kukuambia. Ruhusa imekuja imechelewa, na kosa la kuchelewa ni langu.

Katibu


21 Novemba

Katibu,

Nilikuwa nimeapa sikuandikii tena. Wiki mbili nilikutukana kimoyomoyo kila nikikoroga chai. Wiki ya tatu nikachoka. Wewe ulificha barua, mimi nimeficha kubwa zaidi, kwa hiyo tumetoshana.

Nilikuandikia kwamba sikumsemesha mwanangu neno, nikamweka Mungu shahidi. Niliongopa. Jioni ya kabla hajaondoka alikuja kuniambia wamepata shimo jingine lenye dalili nzuri. Nikamwambia, baba yako angefufuka leo akauliza kiwanja chake kiko wapi, ningemnyooshea kidole wewe. Na nikakinyoosha. Alikwenda kufua shati lake akalianika, nami nikajua kesho ana safari, na bado sikusema kitu. Ninapoandika hapa, kidole chenyewe ndicho kinachoshika kalamu.

Kwa hiyo hilo neno lake, nisitafutwe, nalijua lilikotoka. Anadhani namdai kiwanja. Ameona bora hela ije kwa njia ya posta kuliko yeye kuja kunyooshewa kidole mara ya pili. Nikiichukua hundi hii, kwake itakuwa ameshalipa, na hatakuwa tena na sababu ya kukanyaga hapa mpaka nife.

Siichukui. Hii hapa ndani ya bahasha, sijaikunja. Yangu nimeichukua, nimenunua bati mbili za kibanda, na kampuni sina ugomvi nayo. Sasa wewe ndiye mwandishi wa sera. Niambie inasemaje mtu akikataa.

Mpishi


14 Desemba

Mama, shikamoo.

Sera yangu haisemi kitu. Niliiandika kwa siku mbili na haikunijia kabisa kichwani kwamba kuna mtu atakataa hela.

Kwa hiyo nimeandika kifungu cha saba: gawio likikataliwa na mtu aliyeelekezewa, litarudi kwa mwenye hisa, na kampuni itakuwa na wajibu wa kumtafuta kwa tangazo. Nilikipeleka kwenye Bodi juzi. Mwenyekiti akauliza kilichokataliwa ni kiasi gani. Nikakitaja. Mhasibu akacheka, akasema tangazo moja tu la redio ni mara kumi ya hela hiyo, hakuna kampuni yenye akili timamu itakayofanya hivyo. Mwingine akasema, na mwenye hisa mwenyewe ameandika asitafutwe. Nikajibu kwamba aliandika hivyo akiamini mama yake atapokea, na mama yake hakupokea, kwa hiyo maelekezo yake hayatekelezeki na ana haki ya kuarifiwa.

Mtaalamu wa miamba hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Akaniuliza, ni Mrefu yule wa masanduku? Nikasema ndiye. Akasema, hajawahi kukosea kupanga hata kipande kimoja. Hiyo gharama ikateni kwenye hela yangu ya mashimo.

Kifungu kimepita. Tangazo litasomwa kila siku mchana kwa siku thelathini: "Mwanahisa namba 418, gawio lako limekataliwa na uliyemwelekezea. Mwandikie Katibu wa Kampuni." Jina halitatajwa. Nimelisoma mbele ya kioo mara kadhaa na bado sijui kama ndivyo ulivyotaka lisikike.

Katibu


19 Januari

Kwa Katibu wa Kampuni,

Mimi ni 418. Nilikuwa chini ya mashine nakaza boliti, mwenzangu akaniambia redio inataja namba fulani kila siku, kama bahati nasibu. Nilipoisikia nikaacha spana.

Kwa nini amekataa? Anaumwa? Kama anaumwa niambieni anaumwa nini. Au ameona ni ndogo mno, nimemdharau? Najua haifiki hata kona ya kile kiwanja. Mwambieni achukue hiyo, na mimi nitaongeza kidogo kidogo. Sasa nachoronga visima vya maji. Kazi ipo, na maji ukiyafikia unayaona, huhitaji kusubiri maabara.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikipanga kurudi kila mwisho wa mwezi. Kisha nikawa napanga kila mwisho wa mwaka. Sasa sipangi, ila hapa tulipo kuna mama anauza chai, nami siwezi kunywa kwake.

Jibu mlilete kwa anwani ya duka la vipuri iliyo nyuma ya bahasha. Mama asipewe anwani hiyo.

418


27 Januari

Mama,

Yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili usihangaike kutafuta kwenye mistari.

Barua yake nimekutumia nakala. Kwa kifungu cha saba, mwenye hisa akiuliza sababu ya kukataliwa, aliyekataa ana haki ya kumjibu kwa maandishi kupitia kwangu. Maneno hayo nimeyaongeza wiki hii na mwenyekiti ameyasaini bila kuuliza.

Ana anwani, Mama. Ninayo hapa mezani. Amekataza usipewe, na mimi sitakupa, lakini safari hii sikufichi kwamba ninayo. Andika utakacho, nitakituma siku hiyo hiyo, pamoja na hundi mpya yenye jina lake.

Katibu


2 Februari

Mrefu, mwanangu,

Siumwi. Goti la kushoto tu, nalo ni la uzee.

Hela si ndogo na hukunidharau. Sikukataa kwa kiburi. Kiwanja niliuza mimi, nikasaini mimi, kwa akili zangu. Wewe uliomba tu, na mtoto kumwomba mama yake si kosa. Mashimo kutoka kavu si kosa lako pia, hukuyaweka wewe huko chini.

Neno nililokuambia jioni ile nilitaka kulirudisha asubuhi hiyo hiyo. Ulipotoka nilikaa kama nusu saa nikijifanya nina kazi, kisha nikakukimbilia stendi na kanga moja, bila viatu. Basi lilikuwa linapinda kwenye kona ya gereji. Nikapunga mkono. Ulikuwa umekaa upande wa pili, hukuniona. Ndiyo maana baadaye nilikuja kufungua kibanda pale pale kwenye kona, watu wanadhani ni kwa ajili ya biashara.

Nisamehe, baba. Sikuwahi kukudai kitu. Chumba chako kipo, na mlango haukwami tena.

Katibu ananiambia hundi sasa itakuja kwako kwa jina lako. Ukinitumia, nitairudisha. Ukituma tena nitairudisha tena, stempu si ghali na mimi sina haraka ya kufa. Kama kweli unataka niipokee, ilete mwenyewe, unipe mkononi.

Mama yako


9 Machi

Mwanangu Katibu,

Nivumilie mwandiko, naandikia juu ya meza ya kibanda.

Alikuja Alhamisi, saa tano asubuhi. Nilikuwa nimewapa mgongo wateja, nasuuza vikombe. Mtu akasema, kuna chai, Mama? Hapa wote wananiita Mama, nikamjibu bila kugeuka, ipo, kaa. Nikamimina nikampelekea, macho yangu kwenye kikombe nisimwage. Akakipokea kwa mikono miwili. Nikaiona mikono.

Amezeeka. Ndevu zina mvi upande mmoja, na mimi sikuwepo zilipokuwa zinaingia. Nilitaka kusema mengi niliyoyapanga miaka yote hii, yote yakapotea, nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Akasema inatosha. Mafundi waliacha kugonga wenyewe. Mke wa fundi akaniondolea birika mkononi, maana nilikuwa namwongezea na kikombe bado kimejaa.

Alipomaliza akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu mbili akaziweka mezani, akainamisha kichwa. Akasema, Mama, ni mbali, nauli imekula gawio lote, zimebaki hizi. Nikazichukua.

Basi kwenye faili la 418, pale panapoandikwa malipo, andika limepokelewa lote. Mpokeaji ni mama yake.

417